AKILI MNEMBA: TUSIGEUZWE MANAMBA MARA YA PILI

Na Mwandishi Wetu, Korogwe

MZEE yeyote wa Ngombezi, Magunga au Hale ukimtajia neno manamba hatakuuliza maana yake. Manamba ni mtu aliyetolewa kwao Kigoma, Njombe au Umakondeni, akaletwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, akapewa namba, na tangu siku hiyo bwana shamba hakuwa na haja ya kumjua jina. Namba ndiyo iliyopangiwa kazi, namba ndiyo iliyolipwa, na namba ndiyo iliyokatwa mshahara.

Leo, zaidi ya miaka 60 tangu bendera ya Mwingereza ishushwe, umanamba unarudi kwa mlango wa nyuma. Safari hii hauji na nyapara mwenye kiboko. Unakuja na simu ya mkononi, unakuja na kompyuta iliyoko mji usioujua, inayokata shauri kama wewe ni mtu wa kukopeshwa au mtu wa kunyimwa, maskini wa kweli au maskini wa uongo, mwenyeji au mgeni. Wasomi wanaiita akili mnemba. Wengine wanasema akili bandia, wengine akili unde. Kwa majina tumejitahidi, yako matatu. Kwa sheria je?

Makala haya yanasema jambo moja tu, na yanalisema kwa lugha ya kabwela ili asiwepo kiongozi wa kujitia hakuelewa: mashine isiruhusiwe kumhukumu Mtanzania bila Mtanzania huyo kujua, kuuliza, kujibiwa na kukata rufani mbele ya binadamu mwenye jina na cheo. Mashine inayohukumu bila hayo ni nyapara. Hata ikiitwa maendeleo, ni nyapara.

KIPANDE KILIKUWA NA MIRABA 30

Vijana wenzangu ambao historia tuliiacha kwenye daftari la kidato cha nne, tukumbushane kidogo.

Mkonge haukuwa mmea wetu. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani aliyeitwa Richard Hindorf. Katika miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Marekani kupitia Ujerumani, 62 tu ndiyo iliyopona. Kutokana na miche hiyo 62 yakaota mashamba yaliyofunika bonde la Pangani na kupanda hadi Korogwe. Tatizo la walowezi halikuwa ardhi, maana ardhi walijichukulia. Tatizo lao lilikuwa mikono. Mswambaa na Mzigua walikuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kwenda kuchomwa na miiba ya mtu mwingine.

Ndipo mwaka 1907 kule Usambara watawala wa Kijerumani wakabuni kadi. Kila mwanamume alipewa kadi na kutakiwa kumfanyia mlowezi kazi siku 30 ndani ya miezi minne. Asiyetimiza alipelekwa kwenye kazi za Serikali. Mwingereza alipokuja alilaani mengi ya Mjerumani, lakini mashambani kipande kilibaki. Kilikuwa na miraba 30. Umemaliza kazi uliyopimiwa, mraba unawekewa alama. Hukumaliza, siku hiyo haihesabiwi. Mshahara ulisubiri miraba yote 30 ijae. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, ikaitwa SILABU, na manamba wakaanza kusombwa kwa maelfu.

Ndugu msomaji, tazama ujanja wa kipande. Kadi yenyewe haikusema uongo. Ilisema kile ilichoambiwa. Lakini haikuwa na mraba wa homa. Haikuwa na mraba wa msiba. Haikuwa na mraba wa nyapara aliyekupimia mistari mirefu kuliko ya mwenzako kwa sababu ya chuki. Na ukitaka kulalamika, ulilalamika kwa nani? Kwa nyapara yule yule.

Shika hilo la miraba, maana ndilo tutakalokwenda nalo hadi mwisho.

MASHINE HAIKUJUI, INAKUFANANISHA

Kuna watu wanaizungumza akili mnemba kama vile ni jini. Si jini. Ni hesabu. Mashine inalishwa kumbukumbu za maelfu au mamilioni ya watu waliopita: nani alikopa akalipa, nani alikopa akatoroka, nani alikuwa anapiga simu saa ngapi, nani alikuwa anaweka vocha ya shilingi ngapi. Inatafuta mifanano. Kisha wewe unakuja, inakutazama umefanana na kundi gani, inatoa hukumu. Haikujui wewe. Inawajua unaofanana nao.

Ni sawasawa na mwenye duka wa Mkata anayekataa kumkopesha mtu yeyote wa kijiji fulani kwa sababu mwaka juzi alikopesha wawili wa huko wakamtoroka. Lakini kwa mwenye duka kuna nafuu. Unaweza kwenda na mjomba wako, ukakaa kwenye benchi, ukasema, "Mzee, mimi si wale." Atakusikiliza, huenda akakubali, huenda akakataa, lakini utajua sababu. Kwenye simu unaandikiwa mstari mmoja: samahani, kwa sasa hustahili. Basi. Hakuna benchi. Hakuna mjomba.

Sasa mchukue mkulima wa mahindi wa Handeni. Fedha yake inakuja mara moja kwa mwaka, na mvua ikikataa, kama inavyokataa mara nyingi Handeni, haiji kabisa. Simu yake inaweza kukaa miezi bila muamala wa maana. Mashine iliyofundishwa kwa kumbukumbu za watu wanaopokea mshahara kila tarehe 25 itaona ukimya ule na kuuita hatari. Haioni ghala lake. Haioni mbuzi wake. Haioni kwamba kijijini kwao hajawahi kudaiwa akashindwa. Hakuna mraba wa mambo hayo.

Mchukue pia mama ambaye laini ya simu anayotumia imesajiliwa kwa jina la mumewe au mwanawe. Miaka kumi ameuza mihogo na kulipa madeni kwa laini hiyo. Siku akisajili laini yake mwenyewe, mbele ya mashine amezaliwa jana. Sifa yote ya miaka kumi imebaki kwa mwanamume.

KAUSHA DAMU SASA INA PROGRAMU

Mikopo ya simu haikuanza leo. Nchini mwetu ilianza kushika kasi mwaka 2014, na mengine yalikuja na faida yake, hatubishi. Lakini nyuma ya wakubwa hao likaingia kundi la programu za mikopo zisizo na ofisi, zisizo na anwani, zisizo na leseni. Unaipakua, inakuomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina yaliyomo kwenye simu yako na ujumbe wako, na wewe mwenye shida ya ada ya mtoto unabonyeza kukubali bila kusoma. Baada ya hapo umeshauza si siri yako tu bali na ya jirani zako.

Mwandishi wa makala haya mwenyewe aliwahi kupokea ujumbe wa kumtangaza jirani yake kuwa ni tapeli mdaiwa, ukimtaka amhimize alipe. Sikuwa mdhamini. Sikutia saini popote. Namba yangu ilikuwa ndani ya simu yake, hicho tu. Ujumbe ule ule walipelekewa mashemeji zake, viongozi wake wa kanisa na mwalimu wa watoto wake. Deni lenyewe lilikuwa dogo kuliko bei ya gunia la mahindi.

Benki Kuu, tuitendee haki, iliamka. Agosti 2024 ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba 2024 ikatangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha bila leseni. Sitini na tisa! Hebu jiulize, hadi yanafika 69 Serikali ilikuwa inatazama wapi? Muuza nyanya stendi ya Korogwe akikosa kulipa ushuru wa siku moja mgambo wanamwona. Makampuni 69 yanakamua wananchi na kuwaaibisha mbele ya wakwe zao, hayaonekani mpaka watu walie.

Na hao wenye leseni je? Wanaulizwa riba. Ni vizuri. Lakini nani anawauliza mashine yao inachagua vipi? Nani ameikagua kama inawanyima wanawake, wakulima au watu wa wilaya fulani? Riba inaonekana. Upendeleo wa mashine hauonekani, na ndiyo maana unahitaji sheria zaidi kuliko riba.

UMASKINI WAKO UMEPIMWA NA NANI?

Watu wa vijijini wanaweza kudhani mambo haya ni ya watu wa mjini wenye simu kubwa. Wakumbuke TASAF.

Mpango wa kunusuru kaya maskini ulioanza mwaka 2012 ulikuwa na utaratibu wake wa kuchagua watu. Kwanza wanakijiji wenyewe wanakaa mkutanoni na kutaja kaya zilizo hoi. Kisha zinajazwa fomu: paa la nyumba ni la nini, sakafu ni ya nini, watu wangapi wanakula humo, mna mali gani. Majibu yanaingizwa kwenye kompyuta, kompyuta inakokotoa alama, na alama ndizo zinazothibitisha kama kaya ni maskini kiasi cha kusaidiwa.

Hiyo haikuwa akili mnemba, ilikuwa hesabu ya kawaida yenye nia njema ya kuzuia wenyeviti kuwaandikisha shangazi zao. Na kweli upendeleo wa wenyeviti ni ugonjwa, sote tunaujua. Lakini angalia kinachoweza kutokea. Bibi kizee aliyeezekewa bati na mwanawe ambaye sasa ni marehemu, bati linahesabiwa, marehemu hahesabiwi. Mkutano mzima wa kijiji unajua kwamba bibi analala na njaa. Kanuni haijui. Akiuliza kwa nini jina lake limekatwa, mtendaji atamjibu: mfumo umekataa.

Mfumo umekataa! Hebu tusimame kwenye maneno hayo mawili, maana yamekuwa kichaka cha kila mwenye ofisi. Mfumo uko chini. Mfumo haukusomi. Mfumo umekataa. Mfumo ni nani? Anakaa mtaa gani? Alichaguliwa na nani? Zamani ofisa akikunyima haki yako ulimjua kwa sura, ukamshitaki kwa mkubwa wake. Leo anakunyima huku akisikitika pamoja nawe.

Kama kanuni ndogo ya paa na sakafu imeweza kutushinda kuihoji, itakuwaje siku itakapoletwa mashine ambayo hata aliyeiunda hawezi kueleza kwa nini imesema ndiyo au hapana? Maana hivyo ndivyo zilivyo nyingi za mashine hizi mpya.

VIDOLE VYA MKATA MKONGE

Tarehe 1 Mei 2019 nchi yetu ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Mwisho uliwekwa Desemba 31, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020, kisha laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa, malaki ya laini. Foleni za NIDA za wakati ule hakuna aliyezisahau.

Kila wakala aliyekaa na kile kimashine anajua siri hii: kuna vidole ambavyo hakivisomi. Ni vidole vya wazee, vya waliofyatua matofali, vya walioshika jembe na panga la mkonge miaka 40 hadi ngozi ikasuguka ikawa laini kama kioo. Yaani mtu ambaye mikono yake imejenga uchumi wa nchi hii, mikono hiyo hiyo ndiyo inayomfanya mashine imwambie hayupo.

Haya ni matokeo ya vifaa vilivyotengenezwa kwa vidole vya watu wa ofisini. Hakuna aliyekusudia kumwonea mkata mkonge. Ni vile tu kwamba mashine ilipokuwa inatengenezwa hakuna aliyemkumbuka. Kwa maskini tofauti ya kuonewa na kusahauliwa ni ndogo sana.

ORODHA INAPOHAMISHA WATU

Handeni ina somo jingine, na hili ni zito. Tangu Juni 2022 kijiji cha Msomera kimepokea familia za wafugaji kutoka Ngorongoro. Waliokuja wakakaa ni ndugu zetu, na hapa hatuna neno nao. Tunazungumzia waliobaki. Mwaka 2024, wakati wa kuboresha daftari la wapiga kura, wakazi wa Ngorongoro walijitokeza hadharani kulalamika kwamba kwenye orodha vituo vyao vya kupigia kura vilisomeka Msomera, mamia ya kilometa kutoka kwenye maboma yao. Agosti 2, 2024 likatoka Tangazo la Serikali Namba 673 lililofuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96. Watu waliingia barabarani kwa maelfu, na Agosti 22 Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha utekelezaji wa tangazo hilo.

Tunalitaja hapa kwa sababu linaonyesha nguvu ya orodha. Mtu yuko Ngorongoro na ng'ombe wake, karatasi inasema yuko Handeni. Na mashine, tofauti na jirani yako, huiamini karatasi. Mashine ikilishwa orodha ya uongo itagawa dawa kwa uongo, itagawa vyumba vya madarasa kwa uongo, itagawa kura kwa uongo, na itafanya hivyo haraka, bila kuchoka, bila haya.

WENZETU WAMESHALIA

Atakayesema tunajitisha na vivuli asafiri kwa mawazo hadi Uholanzi. Nchi tajiri, yenye wasomi wa kumwaga. Mamlaka yake ya kodi ilitumia mfumo wa kompyuta kuwashuku wazazi wanaopokea ruzuku ya malezi ya watoto, na kutokuwa raia wa Uholanzi kulihesabiwa kuwa dalili ya hatari. Zaidi ya familia 20,000 zilibebeshwa tuhuma za ulaghai bila haki, zikatakiwa kurudisha fedha ambazo hazikuwa nazo. Nyumba zilipotea, ndoa zilivunjika. Januari 2021 Waziri Mkuu Mark Rutte na serikali yake nzima wakajiuzulu. Nasema tena: serikali nzima. Hapa kwetu akijiuzulu hata mkuu wa kitengo tutachinja mbuzi.

Uingereza, tangu mwaka 1999, mfumo wa kompyuta wa Posta ulioitwa Horizon ulikuwa unaonyesha mapungufu ya fedha ambayo hayakuwepo. Mawakala wa posta zaidi ya 900 walitiwa hatiani, baadhi wakafungwa, kwa sababu mahakama iliamini kompyuta kuliko binadamu. Ilichukua hadi mwaka 2024 Bunge kupitisha sheria ya kuzifuta hukumu hizo kwa mkupuo. Mawakala wetu wa fedha wa Manundu na Chanika walisome hilo mara mbili.

Jirani zetu Kenya wao wameonja na kuamka. Mwaka 2023 kampuni ya Worldcoin ilipiga picha mboni za macho ya Wakenya zaidi ya 300,000 kwa ahadi ya fedha ya mtandaoni yenye thamani ya kama shilingi 7,000 za kwao. Serikali ikasimamisha Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo zifutwe. Na ni Nairobi huko huko ambako vijana wa Kiafrika walikaa mbele ya kompyuta wakisoma na kuchambua uchafu wa dunia nzima, mauaji na ubakaji, ili mashine za Marekani zijifunze adabu. Mwaka 2023 gazeti la Time lilifichua kwamba waliokuwa wanaisafishia lugha ChatGPT walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Wenzao waliochuja picha za Facebook walikwenda mahakamani, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikasema kampuni ya Meta inaweza kushitakiwa nchini humo.

Kazi ngumu Afrika, faida ng'ambo, malipo kwa kipimo. Mzee wa Ngombezi akisimuliwa habari hiyo hatahitaji mkalimani.

SHERIA IMO KABATINI

Sasa tuje nyumbani. Serikali itasema sheria ipo. Ni kweli, ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais mwezi Aprili 2024. Ndani yake kuna haki nzuri sana ambayo wananchi wengi hawajawahi kuisikia: mtu anaweza kudai kwamba uamuzi unaomgusa kwa uzito usifanywe na mashine peke yake.

Swali: umeshaona tangazo la haki hiyo kwenye ofisi gani ya kata? Limebandikwa mbao gani za matangazo Handeni? Tangazo la kuzimiwa laini tulilisikia redioni mchana na usiku. Tangazo la kwamba unaweza kuikatalia mashine hatukulisikia hata kwa bahati mbaya.

Tena sheria yenyewe ina mashimo. Mwanasheria Tito Magoti aliipeleka mahakamani, na Mei 2024 Mahakama Kuu ikakubali kwamba baadhi ya vifungu vyake havieleweki na vinakwenda kinyume cha Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Na vigogo wa Tume wanateuliwa na mamlaka ile ile ambayo ndiyo mkusanyaji mkubwa kuliko wote wa taarifa za wananchi. Nyani anapewa shamba la mahindi alinde, halafu tunaambiwa tulale usingizi.

Kuhusu akili mnemba yenyewe, hadi mwaka 2024 unakwisha Bunge letu lilikuwa halijatunga sheria mahususi hata moja. Tusidanganywe kwamba ni mapema. Umoja wa Ulaya sheria yake ilianza Agosti 2024, na imeiweka mashine ya kupima nani akopeshwe katika fungu la hatari kubwa. Umoja wa Afrika uliidhinisha mkakati wake Accra mwezi Julai 2024. Na pale Serikali yetu inapotaka kwenda mbio inajua. Mwaka 2015 ilipitisha sheria ya makosa ya mtandao. Mwaka 2018 ikatunga kanuni zilizomtaka kijana mwenye blogu alipe zaidi ya shilingi milioni mbili ndipo aandike. Kumbe kasi ipo! Inapatikana pale mwananchi anaposema. Inakosekana pale mwananchi anapokamuliwa.

Na Katiba je? Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 13(6)(a), inataka haki za mtu zinapoamuliwa asikilizwe kwa ukamilifu na awe na haki ya kukata rufani. Ibara ya 16 inalinda faragha yake. Mashine haisikilizi, inapokea tarakimu. Kwa hiyo ofisi yoyote ya umma inayomnyima mtu haki yake na kumjibu "mfumo umekataa" imevunja Katiba siku ile ile, saa ile ile.

"NYINYI MNAPINGA MAENDELEO"

Najua jibu litakalotoka kwenye viyoyozi. Watasema hawa ni wapinga maendeleo, wanataka turudi kwenye kibatari.

Uongo. Ipo programu inaitwa Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania na watafiti wa mazao wa IITA. Mkulima anaelekeza simu kwenye jani la muhogo, inamwambia kama lina batobato au michirizi ya kahawia. Inaongea Kiswahili, na inafanya kazi hata mahali pasipo na intaneti. Hiyo nayo ni akili mnemba. Tunaitaka, na tunaitaka Handeni nzima.

Tofauti ni nini? Nuru inatoa ushauri kuhusu jani, na mkulima anabaki bwana wa shamba lake. Akiona imekosea anaipuuza na kumwita bwana shamba. Lakini mashine inayosema wewe ni mdaiwa mbaya, wewe si maskini, wewe si mkazi, hiyo haikushauri. Inakuhukumu. Ya kwanza tuikaribishe kwa ngoma. Ya pili ifungwe kamba ya sheria kabla haijaingia uani.

Watasema pia mashine haili rushwa. Kweli haili. Lakini anayeilisha anakula, anayeinunua anakula asilimia kumi, na anayeamua miraba gani iwekwe na gani isiwekwe ana shemeji zake. Rushwa haijafa, imepanda cheo.

TUNACHODAI

Kwa hiyo wananchi wa Handeni na Korogwe, na Watanzania wote, tudai haya, tena kwa sauti:

1. Kila ofisi ya umma na kila mkopeshaji anayetumia mashine kuamua juu ya mtu amwambie hivyo waziwazi, kwa Kiswahili, kabla ya kuamua.

2. Aliyekataliwa apewe sababu kwa maandishi. "Mfumo umekataa" isiwe sababu. Anayeitamka awajibishwe.

3. Pawepo binadamu wa kumpelekea rufani, aliye karibu, katika ofisi ya wilaya, mwenye mamlaka ya kutengua kauli ya mashine. Asiwe namba ya simu inayopiga muziki.

4. Mtu asinyimwe huduma kwa sababu mashine imeshindwa kusoma kidole chake. Ushahidi wa mwenyekiti wa kitongoji na majirani wawili utoshe.

5. Mkutano wa kijiji uwe na neno la mwisho juu ya nani maskini kijijini, na kumbukumbu zake zisomwe hadharani ili wenyeviti wasipate kichaka.

6. Tume ya taarifa binafsi iwajibike kwa Bunge, na wakuu wake wasiteuliwe na mtu wanayepaswa kumkagua.

7. Bunge litunge sheria ya akili mnemba kwa mjadala wa wazi, na wananchi wasikilizwe Handeni, Korogwe na kwingineko, si Dodoma peke yake kwenye semina za posho.

Hakuna hata moja katika hayo saba linalohitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Yanahitaji nia tu.

Waheshimiwa wabunge wa mkoa wa Tanga, babu zenu na babu zetu waliitwa kwa namba katika mashamba haya haya, na hakuna sheria iliyowalinda kwa sababu waliotunga sheria ndio waliokuwa na mashamba. Leo wenye kutunga sheria ni nyinyi. Kama mtakaa kimya mpaka kipande kipya kijae, wananchi watajua mko upande wa nani: wa mkata mkonge, au wa nyapara.